Kutoka Hesabu ya Wataalamu hadi Ikama: Historia ya Mafunzo ya Upangaji wa Nguvukazi kwa Mtazamo wa Kerege, Bagamoyo

Insha hii inachunguza namna upangaji wa nguvukazi ulivyofundishwa kwa watu wanaoingia katika kazi ya utumishi nchini Tanzania tangu uhuru. Hoja yake ya msingi ni kwamba mafunzo hayo yalirithi mtindo wa kuhesabu nafasi na vyeti kutoka makao makuu, ilhali ujuzi wa mahali husika ulibaki pembeni. Kerege, kata iliyo kando ya barabara ya Dar es Salaam na Bagamoyo, inadhihirisha jambo hilo katika vipindi viwili tofauti.

Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961, nafasi nyingi za juu zilishikwa na wageni. Kwa sababu hiyo, serikali ilimpa George Tobias, mshauri kutoka Wakfu wa Ford, jukumu la kupima mahitaji ya wataalamu kwa miaka 1962 hadi 1967. Taarifa yake, iliyotolewa mwaka 1963, iliyagawa mahitaji kwa kiwango cha elimu ambacho kila kazi ilihitaji. Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano (1964–1969) uliujenga msingi huo zaidi kwa kulenga nchi ijitosheleze kwa wataalamu ifikapo mwaka 1980. Mbinu hiyo ilikuwa na mantiki yake: palipokuwa na uhaba mkubwa, hesabu ya pengo ilionyesha masomo ya kufadhiliwa na nafasi za kujazwa kwanza.

Hata hivyo, mpango huohuo ulikusudia pia kuanzisha makazi mapya ya vijijini zaidi ya 60. Kerege, penye mikorosho, ilikuwa miongoni mwa makazi ya awali. Katika makazi ya namna hiyo, idadi ya kaya, mitambo na wasimamizi ilipangwa kabla ya walowezi kuzoeana na ardhi wala wao kwa wao. Gharama zilipanda, na walowezi wengi wakajiona kama vibarua wa serikali. Mwezi Aprili 1966, Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitangaza kusitishwa kwa uanzishaji wa makazi mapya ya aina hiyo. Hesabu ilionyesha watu wangapi walihitajika. Haikueleza ni kwa nini mtu angeendelea kufanya kazi pale.

Miaka ya 1970 ilileta jaribio la kuliziba pengo hilo. Chuo cha Uongozi wa Maendeleo Mzumbe kilianzishwa mwaka 1972 kuwafunza watawala na mameneja. Azimio la Musoma la Novemba 1974 nalo lilitaka wanaoingia chuo kikuu wawe kwanza wamefanya kazi. Athari yake kwa ufundishaji haikuwa ndogo: mwanachuo aliyekwisha kutumikia wilayani aliweza kulipima fundisho kwa alichokishuhudia. Sharti hilo lilipolegezwa, darasa lilirudi kuwa la vijana wanaotoka shuleni moja kwa moja, na nadharia ikakosa mpimaji.

Mageuzi ya miaka ya 1990 yalibadili pia lengo la upangaji. Swali halikuwa tena wataalamu wangapi wapatikane, bali watumishi wangapi wanaweza kulipwa. Sera ya mwaka 1999 na Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 ziliimarisha wajibu wa mwajiri, lakini ikama, yaani idadi ya watumishi wanaohitajika na waliopo kwa kila kada, ilifungamanishwa na bajeti ya mishahara na kibali cha ajira. Ni rahisi basi kwa mhitimu mpya kuamini kwamba kupanga ni kujaza jedwali.

Kerege ya leo inaikanusha imani hiyo. Mwaka 2015 Halmashauri ya Chalinze ilitengwa na ile ya Bagamoyo, na watumishi wakalazimika kugawanywa. Wakati huohuo, kupanuka kwa Dar es Salaam kuelekea kaskazini kumeongeza wakazi katika kata za mwambao. Uwiano wa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 hukokotolewa kwa wanafunzi waliokwisha kuandikishwa. Hauonyeshi viwanja vinavyojengwa leo, wala mwalimu anayekaribia kustaafu, wala anayetafuta uhamisho kumfuata mwenzi wake. Ofisa utumishi asiyeyajua hayo ataandaa ikama iliyo sahihi kimahesabu, nayo itakuwa imepitwa na wakati kabla ya kibali kutoka.

Kwa kuhitimisha, historia hii haikatai hesabu. Tobias aliihitaji, na halmashauri zinaihitaji bado. Inachobainisha ni kwamba kila ilipofundishwa peke yake, waliobeba gharama ni watu wa chini: mlowezi wa mwaka 1966, na sasa mwanafunzi anayesubiri mwalimu. Mafunzo kwa vitendo yanayomweka mhitimu katika kata moja, akilinganisha ikama na maisha ya watu wake, yangerejesha kile ambacho Azimio la Musoma lilikikusudia.