Watawala, Boma na Ardhi: Somo kutoka Biharamulo na Kabanga

Anayetaka kuijua historia ya ardhi huanza kwa kuuliza: ardhi hii ilikuwa ya nani? Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Lazima tuulize pia: nani aliilima, na jasho lake liliandikwa wapi? Tukiuliza swali la kwanza peke yake tutaandika historia ya makabaila tu. Katika makala hii tunazipima kwa maswali yote mawili kumbukumbu za nchi iliyo kati ya Biharamulo na Kabanga, kule Ngara, mpakani na Burundi.

Ukoo unaotajwa zaidi katika sehemu hizi ni wa Bahinda. Kwa mapokeo, Ruhinda ndiye asili ya watawala wa Karagwe, Ihangiro, Uzinza na Rusubi, ambayo wageni waliiita Usui. Majina ya watawala hao yalihifadhiwa kwa kinywa, kizazi baada ya kizazi. Kazi ya kumbukumbu hizo ilikuwa kuthibitisha haki ya kutawala, wala hazikukusudiwa kuhesabu mashamba ya walimaji.

Wapo wanaodhani kasoro hiyo inatokana na kukosa maandishi. Sivyo. Huko Scotland, katika zama za ukabaila, mfalme aligawa ardhi kwa hati zenye muhuri, na mwaka 1617 likaanzishwa daftari la umma la kuandikisha ardhi. Mtafiti aweza kuufuata ukoo mmoja wa makabaila kutoka hati hadi hati, na mwisho akausimamia mnara wa mawe walimoishi. Lakini mvuja jasho huonekana kwa nadra katika hati hizo, pengine kama sehemu ya mali inayogawiwa pamoja na shamba. Basi kumbukumbu, ziwe za kinywa au za wino, humtumikia yule anayezitunza.

Kwetu, maandishi yalianza kwa macho ya wageni. Mwaka 1861 Waingereza Speke na Grant walipita Usui, nchi iliyotawaliwa na Suwarora. Katika kitabu chake cha mwaka 1863, Speke alilalamika sana juu ya hongo aliyodaiwa na wakuu wa mtawala huyo: nguo, shanga na nyaya. Tukikisoma kwa uangalifu, malalamiko hayo yanatufundisha jambo. Yanaonyesha kuwa Usui ilikuwa dola yenye wakuu na ushuru, iliyoweza kumsimamisha mgeni mwenye bunduki mpaka alipe. Lakini mkulima aliyewalisha watu wa dola hiyo haonekani ila kama muuza chakula au mpagazi.

Makao ya Bahinda yalijengwa kwa miti na nyasi, na hayakuacha mnara. Jengo la mawe linalosimama Biharamulo ni boma la Wajerumani, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Zamani hizo Rusubi ilikuwa chini ya Kasusura. Mgeni wa leo huliona boma na kulistaajabia. Sisi tunasema: mawe hayo hayasemi nani aliyabeba. Boma lilikuwa chombo cha kutawala, na tangu mwaka 1898 kodi ya nyumba iliwalazimisha wakulima kutafuta fedha kwa jasho lao.

Ukoloni haukuuvunja ukabaila, uliutumia. Mfano ulio wazi zaidi ni nyarubanja ya Bukoba. Watawala na watu wao wa karibu walipewa ardhi pamoja na wakulima waliokuwa wakiishi juu yake. Wakulima hao wakawa batwarwa, wakitoa mazao na kazi kwa bwana wao. Utawala wa kikoloni uliupa utaratibu huo nafasi ya kupanuka, na kahawa ikaipandisha thamani ardhi yenyewe. Halafu, mwaka 1923, sheria ya Waingereza iliiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana. Mkulima sasa alikuwa na mabwana wawili, na hati hana.

Tusichanganye mambo: Bugufi, ilipo Kabanga, ilikuwa na historia yake iliyofungamana na Burundi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji walipogawana koloni la Wajerumani, Bugufi ilibaki Tanganyika. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Mwami Mwambutsa wa Burundi aliidai mbele ya Umoja wa Mataifa. Hapa tena hoja ilikuwa nani atawale.

Uhuru ulileta mapinduzi ya sheria. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa. Sheria za mwaka 1965 na 1968 ziliwakomboa batwarwa kutoka kwa mabwana wa nyarubanja. Hizi zilikuwa hatua kubwa. Lakini lazima tujikosoe. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu wengi nchini bila kuandika sawasawa nani alitoka wapi na nani alipewa wapi. Migogoro iliyofuata ilitokana kwa sehemu na uzembe huo.

Somo hili si la makumbusho. Chini ya ardhi ya Kabanga kuna nikeli, iliyotafutwa kwa bidii tangu miaka ya 1970. Mwaka 2021 iliundwa kampuni ya Tembo Nickel, ambamo Serikali ina hisa asilimia 16. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinataka anayeondolewa alipwe fidia kamili, ya haki na ya haraka. Zinatambua haki ya kimila, na haki ya mwanamke kuwa sawa na ya mwanamume. Lakini haki isiyoandikwa ni rahisi kubishaniwa. Siku ya kuthamini mali, mjane ambaye mipaka yake inajulikana na majirani tu atasimama mahali pale pale aliposimama mtwarwa: mbele ya daftari la mtu mwingine.

Kwa hiyo kada na mwanafunzi wana kazi. Halmashauri za vijiji zitunze daftari la ardhi. Mipaka ipimwe majirani wakiwapo. Hati za hakimiliki za kimila zitolewe kwa majina ya wanaume na wanawake. Wazee waulizwe habari za mashamba, si za watawala tu. Ukoo wa Bahinda una orodha ya wafalme wake, na Wajerumani wameacha boma. Wakulima nao wawe na daftari lao, walilolisoma na kulikubali wenyewe katika mkutano mkuu wa kijiji.