Nyumba za mbegu na mashine zao za baridi: historia ambayo sisi wenye licence tunapashwa kujua

Wandugu, ukiuliza mwanafunzi wa agronomia ni nini inaangamizaka mbegu, atakujibu: vita, wadudu, ukame. Amejibu vizuri. Lakini ukisoma historia ya nyumba ambamo mataifa yanawekaka mbegu zao, utakuta adui mwingine ambaye magazeti hayamwandikaki: mashine ya baridi iliyozeeka, na hakuna mtu aliyepewa kazi ya kuibadilisha. Leo nataka tufuate historia hiyo, toka Leningrad mpaka Yangambi, tukipitia mlima mmoja wa Norwei. Sababu ni moja: kwetu pia kuna miradi inayotaka kujenga chumba cha baridi cha mbegu, na mara nyingi sisi njo tunaiandikaka.

Juu ya nini mbegu inaomba baridi

Mbegu kavu iko hai. Inapumua polepole, na kila siku inakula kidogo akiba yake. Joto na unyevu vinaiharakisha. Mtaalamu James Harrington alituachia kanuni ambayo wengi tuliisoma: ukipunguza unyevu wa ndani ya mbegu kwa asilimia 1, maisha yake yanazidi mara mbili, ukipunguza joto la ghala kwa digrii 5 hivi, maisha yanazidi tena mara mbili. Ni kanuni ya kukadiria tu, lakini imesaidia ulimwengu muzima. Leo kawaida ya kimataifa kwa mbegu za kuweka miaka mingi ni kuzikausha sana, kuzifunga mu paketi isiyopitisha hewa, halafu kuziweka kwenye digrii 18 chini ya sifuri.

Kuanzia hapo, uhai wa mbegu unategemea kompresa, waya, mazuti na mtu wa kuviangalia.

Leningrad: pale ambapo shida ilikuwa moto

Nikolai Vavilov alitembea mabara karibu yote akikusanya mbegu, na mkusanyo wake uliwekwa mu jengo la Leta katikati ya Leningrad. Mwaka 1940 alikamatwa na serikali ya nchi yake, na mwaka 1943 alikufa mu gereza la Saratov. Wakati huo mji wake ulikuwa umezungukwa na jeshi la Ujerumani, toka Septemba 1941 mpaka Januari 1944.

Tunajuaka ile sehemu ya kwanza ya habari: wafanyakazi kadhaa wa nyumba ile walikufa njaa wakiwa karibu na magunia ya mchele, karanga na ngano, bila kuzila. Sehemu ya pili haizungumzwi sana. Ngano haiogopi baridi ya majira ile, lakini kiazi kikiganda kimekufa. Jengo halikuwa tena na joto. Basi waliochunga viazi walichoma kuni na kila kitu walichokuta, ili kule chini ya jengo pasifike kwenye kuganda. Watu wenye njaa walikuwa wanatafuta moto wa viazi ambavyo hawatakula.

Mimi naona hapo somo la kazi yetu. Jengo la mbegu halina joto moja linalofaa kwa mimea yote. Kabla ya kununua mashine, unapashwa kujua ni mmea gani utalala ndani.

Wakati wa vyumba vya baridi

Kisha vita, nchi nyingi zilijenga. Marekani ilifungua maabara yake ya taifa ya kutunza mbegu pale Fort Collins, Colorado, mwaka 1958. Vituo vya utafiti vya kimataifa vilifuata: maharagi kule Kolombia, mchele kule Ufilipino, mihogo na kunde pale Ibadan, Nigeria. Kila mahali mpango ulifanana: jengo, chumba cha baridi, mashine, na grupu ya kusaidia umeme ukikatika.

Kujenga ni mara moja, lakini kutunza hakuishaki. Afghanistan ilikuwa na mbegu zilizofichwa mu nyumba za watu pale Ghazni na Jalalabad wakati wa vita. Mwaka 2002 ilionekana kwamba wezi walizimwaga chini. Walitaka tu vyombo vilivyozibeba. Ufilipino, benki ya taifa ya mbegu pale Los Baños iliingiliwa na mafuriko ya kimbunga mwaka 2006, halafu mwaka 2012 ikaungua. Hayo yote yalipita mu magazeti. Lakini vifo vingi vya mbegu havina siku wala kelele. Kompresa inasimama Ijumaa jioni, fundi anaitwa Jumatatu, kipuri kinaombwa mbali, bajeti ya mwaka imeisha. Kisha miezi sita chumba cha baridi kimekuwa chumba cha joto chenye mlango mnene.

Na hapo hali inakuwa mbaya kuliko ghala la kawaida, kwa sababu chumba kile hakina dirisha. Mashine ikiwaka na kuzima, maji yanatoka mu hewa na kukaa juu ya kila kitu. Mbegu iliyo mu karatasi inayanywa. Mara nyingine ingekuwa afazali kuiacha mu pipa kavu chini ya mti.

Mlima wa Svalbard

Kwa sababu ya hatari hizo, wataalamu walitafuta mahali ambapo baridi haiombi mashine. Toka mwaka 1984 nchi za kaskazini ya Ulaya zilikuwa zinaweka nakala za mbegu zao mu mgodi wa zamani wa makaa karibu na Longyearbyen, kisiwani Svalbard, mbali sana kaskazini. Pale udongo na mawe ya ndani vimeganda mwaka muzima. Norwei ikaamua kuchimba nyumba kamili ndani ya mlima: zaidi ya mita 100 ndani, vyumba 3, nafasi ya aina milioni 4.5 za mbegu. Ilifunguliwa tarehe 26 Februari 2008. Waziri mkuu Jens Stoltenberg aliingiza mbegu za kwanza pamoja na Wangari Maathai wa Kenya, mama yetu wa miti.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwamba ule una digrii 3 au 4 chini ya sifuri peke yake. Ili kufika 18, hata kule wanatumia mashine. Mlima ni akiba tu: mashine ikizima, wiki kadhaa zitapita kabla vyumba kupanda mpaka joto la mwamba. Wiki hizo njo Norwei ilinunua kwa pesa yake yote. Haikununua baridi ya bure. Ilinunua wakati wa fundi kufika.

Oktoba 2016 joto na mvua vilikuwa vingi kuliko kawaida. Maji yakaingia mu tuneli ya mlango na kuganda hapo. Hayakufika kwenye mbegu. Lakini wenye kutunza jengo walikuwa wamekwisha kuona jambo la kuhuzunisha: udongo uliochimbwa kuzunguka tuneli haukuganda tena kama walivyopanga. Na ndani ya tuneli mlikuwa mashine za umeme zinazotoa joto.

Kila mashine ya baridi inatoaka joto mahali fulani. Weka mkono nyuma ya frigo ya nyumbani utaelewa. Basi mwaka 2018, miaka 10 tu kisha kufungua, serikali ya Norwei ilipendekeza krona milioni 100 kwa matengenezo: tuneli mpya ya beto isiyopitisha maji, na nyumba ndogo ya huduma ya kuweka grupu, mashine za baridi na vyombo vingine vya umeme, ili joto lao litoke mlimani. Mu miaka 10, jengo lililoitwa la milele liliomba kutengenezwa upya.

Kuna watu waliocheka. Mimi naona kinyume. Jengo lile lilipona kwa sababu lilikuwa na mwenyewe anayejulikana, ofisi ya Leta yenye kazi ya kupima joto, kuona kosa, kuliandika na kuomba pesa. Na faida ilionekana mapema. Kituo cha ICARDA kilikuwa na benki yake karibu na Aleppo, Siria. Vita ilipokaribia, nakala nyingi zilikuwa zimekwisha kutumwa Svalbard. Septemba 2015 waliomba kurudishiwa, mara ya kwanza kwa historia ya nyumba ile. Mbegu zilipandwa Lebanoni na Moroko, zikazaa, na toka 2017 nakala mpya zikaanza kurudi mlimani.

Gesi inayokufa mbele ya mashine

Kuna sababu ingine ya kubadilisha mashine za zamani, na wengi hatuiwazi. Baridi inatengenezwa na gesi inayozunguka mu mifereji. Gesi za zamani ziliharibu ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987 uliziondoa polepole. Kwa nchi kama yetu, gesi za kikundi cha kwanza zilipaswa kuisha mwaka 2010. R22, inayojaa mu klimatizeri nyingi za zamani, inapunguzwa mpaka kuisha karibu kabisa mwaka 2030. Na mwezi ule ule wa Oktoba 2016 ambapo maji yaliingia Svalbard, mataifa yalikutana hapa jirani, Kigali, yakakubali kupunguza pia gesi zilizofuata, kwa sababu zinapasha dunia joto.

Maana yake kwetu ni rahisi. Mashine inayoletwa kama zawadi kutoka mbali, iliyokwisha kutumika miaka 15, inaweza kuwa nzima huku gesi yake haipatikani tena sokoni. Frigoristi hata akiwa hodari hatakuwa na cha kujaza.

Kwetu

Congo iliwahi kuwa na jina kubwa mu kazi hii. INEAC ilianzishwa mwaka 1933, na Yangambi, kando ya mto chini ya Kisangani, ikawa kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo cha joto. Pale njo Beirnaert na Vanderweyen walieleza mwaka 1941 namna unene wa ganda la ngazi unavyorithiwa, na kazi hiyo ilibadilisha mashamba ya ngazi ya dunia muzima. Leo INERA ndiyo inashika urithi huo.

Lakini angalieni mimea ya Yangambi: ngazi, kahawa robusta, kakao, mpira. Mbegu ya kakao au ya mpira ukiikausha na kuigandisha inakufa. Robusta pia haivumilii baridi hiyo. Mikusanyo ya namna hiyo inakaa shambani, miti ikiwa hai. Mashine yao ya baridi ni panga, lebo mu kila mstari, na mfanyakazi anayelipwa kila mwezi. Kama mfanyakazi hakulipwa, pori linaingia, lebo zinaoza, na kisha miaka kumi hakuna anayejua mti gani ni gani. Ni kifo kile kile cha kompresa, kwa rangi ya kijani.

Nilipokuwa staji, niliona mu kituo kimoja chumba cha baridi cha maharagi. Mlango ulikuwa mzuri, ila mpira wake ulikatika, na mashine ilinyamaza toka zamani. Grupu ilikuwepo, mazuti yake yalitosha kompyuta za ofisi tu. Ndani mliwekwa karatasi. Maharagi yenyewe yalichungwa na mzee mmoja mwenye zamu, mu mabidoni aliyoyakausha juani, mbegu kavu, majivu juu, kifuniko kimekazwa na mpira wa baiskeli. Kila msimu alikuwa anazipanda kidogo kuona kama zinaota. Zilikuwa zinaota.

Rudieni kanuni ya Harrington. Mbegu ya unyevu wa 14 ukiishusha mpaka 10, maisha yanazidi mara 16. Ghala la digrii 25 ukilishusha mpaka 5, maisha yanazidi mara 16 pia. Njia ya kwanza inaomba kivuli, upepo, chombo kisichopitisha hewa na mtu mwangalifu. Ya pili inaomba umeme usiku na mchana. Sisemi tukatae baridi. Kwa akiba ya miaka 50 hakuna njia ingine kwa mbegu hizi. Nasema tuanze na ile ambayo haizimikaki.

Basi mwenye kuwa na mradi kama huo mkononi, aongeze vitu vinne kabla ya kuutuma. Kwanza, mbegu zitakaushwa wapi na zitapimwa na nini. Pili, mashine inatumia gesi gani, na kama inauzwa mu mji wake. Tatu, pesa ya mazuti, ya vipuri na ya kubadilisha mashine kisha miaka 10 au 15 itatoka wapi, maana mfadhili atakuwa amekwenda. Nne, nakala ya mbegu itawekwa jengo gani lingine, kwa sababu wa Aleppo waliokolewa na nakala.

Kama jibu la tatu halipo, andikeni mabidoni, na mshahara wa yule mzee. Ni mradi mdogo, picha zake hazitapendeza, lakini msimu ujao wakulima watapata maharagi ya kupanda.