Kitanua Taswira: Historia ya Lenzi ya Nyuma na Tatizo la Jina Lake

Mtu anunuaye kamera ya lenzi za kubadilishwa huenda akaonyeshwa kijibomba kifupi chenye vioo ndani yake, ambacho hupachikwa kati ya kamera na lenzi ili vitu vya mbali vionekane vikubwa zaidi katika picha. Kiwanda cha Nikon hukiita telekonvata, yaani kigeuzi cha mbali. Kiwanda cha Canon hukiita ekstenda, yaani kirefushaji. Wafaransa husema kizidishaji cha fokasi. Wanafalaki wanacho chombo kilicho ndugu yake wa damu, nao hukitaja kwa jina la mtu: lenzi ya Barlow. Wapiga picha niliowauliza Dar es Salaam walitumia neno la kigeni kama walivyolikuta, isipokuwa mmoja, mtu mzima, aliyesema “ile ya kuvutia”.

Majina haya hayapatani, na kutopatana kwao si jambo dogo kwa mtu wa lugha. Kila aliyetoa jina alitazama upande mmoja wa kitu: huyu alitazama umbali, yule urefu, mwingine alimkumbuka mwenzake. Katika makala haya nakusudia kufuata historia ya kitu chenyewe tangu kilipofikiriwa mara ya kwanza, ili tujue kinafanya kazi gani hasa, na baada ya hapo tuulize Kiswahili kikiite nini.

Historia hii yaanza na darubini. Mwaka 1609 Galileo alijitengenezea darubini yenye lenzi mbili: ya mbele iliyofura katikati, ambayo vitabu vyetu vya fizikia huiita lenzi mbinuko, na ya nyuma iliyobonyea, yaani lenzi mbonyeo, ambayo ndiyo iliyokaribiana na jicho. Lenzi mbinuko hukusanya miale itokayo mbali na kuikutanisha mahali pamoja, paitwapo fokasi. Galileo aliweka lenzi mbonyeo kabla ya mahali hapo, ikailegeza miale hata ikatoka sambamba, na jicho likaipokea. Chombo kile kilikuwa cha jicho tu. Mtu akiweka karatasi nyuma yake katika hali ile, hapati taswira juu yake.

Aliyepiga hatua ya pili ni Johannes Kepler, katika kitabu chake kiitwacho Dioptrice, kilichochapishwa mwaka 1611. Kepler alionyesha kwamba lenzi mbonyeo ikiwekwa mahali pafaapo, miale hailegei kabisa. Hulegea kidogo, ikaendelea kukutana, ila hukutana mbali zaidi nyuma. Basi taswira huangukia karatasi, nayo huwa kubwa kuliko ile ambayo lenzi ya mbele ingaliifanya peke yake. Hicho ndicho kitu chetu, kimeelezwa miaka 228 kabla upigaji picha haujatangazwa Paris mwaka 1839.

Msomaji asiyependa hesabu anisamehe, maana mfano mmoja utatufaa hadi mwisho. Tuseme miale imebakiza milimita 50 kufika kwenye fokasi. Tukiikinga hapo kwa lenzi mbonyeo ambayo urefu wake wa fokasi ni milimita 100, miale haitakutana tena baada ya milimita 50, bali baada ya milimita 100. Umbali umekuwa maradufu, na taswira nayo imekuwa maradufu kwa urefu na kwa upana. Lakini mwanga ulioingia ni ule ule. Mwanga uliokuwa umetandazwa juu ya eneo moja sasa umetandazwa juu ya maeneo manne, na kila sehemu imepata robo ya fungu lake la kwanza. Ni kama unga wa chapati moja uliosukumwa hadi ukafunika chano kizima: chapati imekuwa pana, unga haukuongezeka.

Wanafalaki walilifahamu jambo hili mapema kuliko wapiga picha. Peter Barlow alikuwa mwalimu wa hesabu katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, Uingereza, na wengi walimjua kwa majedwali yake ya hesabu ya mwaka 1814. Katika miaka ya 1830 alishirikiana na fundi wa vioo George Dollond kutengeneza lenzi mbonyeo isiyotia rangi za upinde wa mvua kandokando ya taswira. Mwaka 1834 Dollond aliieleza lenzi hiyo mbele ya Chama cha Kifalme cha London, lakini hakuieleza kama njia ya kuona mbali. Aliieleza kama msaada kwa maikromita, chombo chenye nyuzi nyembamba sana ambacho wanafalaki walikitumia kupima nafasi iliyopo baina ya nyota mbili zilizokaribiana.

Hapa inafaa tutue kidogo. Mpimaji akibadilisha lenzi ya jicho akatia yenye nguvu zaidi, nyota zinakuwa kubwa, na nyuzi nazo zinanenepa kwa kiasi kile kile. Hajapata faida kubwa. Lakini lenzi ya Barlow hukaa mbele ya nyuzi. Inaitanua taswira ya nyota kabla haijafika penye nyuzi, na nyuzi zinabaki nyembamba kama zilivyokuwa. Tofauti hiyo ndiyo iliyokipa kitu kile thamani, na ndiyo itakayotusaidia katika habari ya jina. Kuna vyombo vinavyofanya kazi juu ya taswira iliyokwisha kuwako, kama kioo cha kusomea kinachowekwa juu ya gazeti. Kitu chetu hufanya kazi kabla ya taswira kuwako. Huiamuru izaliwe kubwa. Kwa mpiga picha, zile nyuzi za maikromita ni chembe za filamu, ama siku hizi nukta za kihisio cha kidijitali. Akikata kipande cha katikati ya picha na kukikuza baadaye, hukuza na chembe pamoja. Akiitanua taswira kabla haijafika kwenye filamu, chembe hubaki ndogo kama zilivyo.

Wapiga picha waliingia katika habari hii kwa kuchelewa, na walipoingia waliingia watatu kwa pamoja. Mwaka 1891 Thomas Rudolphus Dallmeyer wa London, na Wajerumani Adolf Miethe na Adolph Steinheil, kila mmoja kwa njia yake, walitoa lenzi za kupigia picha vitu vya mbali zilizojengwa juu ya kanuni hiyo ya Kepler. Ugomvi wa nani alitangulia hautuhusu sana hapa. Linalotuhusu ni umbo la vyombo vyenyewe: aghalabu mpiga picha alichukua lenzi yake ya kawaida, akaitia mbele ya bomba, na nyuma ya bomba ikawamo lenzi mbonyeo. Kwa hiyo kile tunachodhani ni nyongeza ya juzi kwa lenzi za mbali, ndicho kilichokuwa lenzi ya mbali yenyewe ilipozaliwa. Dallmeyer aliandika kitabu kizima juu ya kazi hiyo mwaka 1899.

Gharama ilikuwa nzito. Aliyeitanua taswira mara tano alilazimika kuacha lenzi wazi kwa muda wa mara 25, na mabamba ya siku zile yalikuwa mazito wa kupokea mwanga. Mlima husubiri; mnyama hasubiri. Nchi hii iliingia mapema katika habari hizo kwa sababu ya Carl Georg Schillings, Mjerumani aliyepiga picha za wanyama wa mwitu katika koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki, akatoa kitabu chake mwaka 1905. Sifa yake kubwa ni picha za usiku, alizozipiga kwa unga wa kumulika. Za mchana alizozipiga kutoka mbali hazina ukali ule. Katika nyingine mnyama ni kama kivuli tu. Nionavyo mimi, picha hizo hafifu zina mafunzo kuliko zile za usiku, kwani zaonyesha wazi bei iliyolipwa.

Baadaye mafundi walitengeneza lenzi za mbali zilizo kamili, zenye vioo vya mbele na vya nyuma vilivyopatanishwa tangu kiwandani, na bomba la kuongezea likapungua umaarufu. Lilirudi pale zilipoenea kamera ambazo mpigaji hutazamia lenzi ile ile ipigayo picha, kwa msaada wa kioo, kama vile Asahi Pentax ya mwaka 1957 na Nikon F ya mwaka 1959. Kwa kamera za namna hiyo, chochote kilichopachikwa mbele, mpigaji hukiona kama filamu itakavyokiona. Vya kwanza vilivyouzwa kwa bei nafuu havikuwa na sifa njema, na mimi ni shahidi. Nilipokuwa masomoni Ulaya nilinunua kimoja cha mara mbili katika duka la vitu vilivyotumika. Niliporudi nilikwenda nacho Kaole, karibu na Bagamoyo, nikitaka kupiga picha sehemu za juu za nguzo za makaburi, nione mahali zilipopachikwa bakuli za kaure zamani. Nilisimama chini, nikashika kamera mkononi kama nilivyozoea. Picha zote zilitoka zimetikisika. Nililaumu chombo kwa muda wa miaka, kumbe kosa moja lilikuwa langu: chombo kinachoitanua taswira mara mbili hutanua na mtikisiko wa mkono mara mbili, na kwa kuwa mwanga umebaki robo, kamera nayo ilifungua kwa muda mrefu zaidi. Ningalichukua kiegemeo cha miguu mitatu ningalipata nilichokitaka.

Tuangalie sasa hesabu ya chombo cha leo. Lenzi ya milimita 300 yenye uwazi wa f/4 ina tundu la milimita 75. Ukiitia chombo cha mara mbili inakuwa ya milimita 600, na uwazi wake unahesabiwa kuwa f/8. Lakini tundu ni lile lile la milimita 75. Cha mara 1.4 huchukua nusu ya mwanga badala ya robo tatu. Kwa kuwa tundu halikuongezeka, uwezo wa lenzi kupambanua vitu viwili vilivyokaribiana haukuongezeka pia. Lisilokusanywa na lenzi ya mbele halitapatikana nyuma, na kasoro yoyote ya lenzi ya mbele nayo hutanuliwa ionekane. Kinachopatikana ni kile kilichokuwamo tayari katika taswira, ambacho chembe za filamu au nukta za kihisio zilikuwa kubwa mno kukidaka.

Tukijua hayo twaweza kuyapima majina. “Tele” ni neno la Kiyunani lenye maana ya mbali, lakini katika sikio la Mswahili tele ni wingi, na chombo hiki huleta upungufu wa mwanga. Sidhani kama neno laweza kupotosha zaidi ya hapo. Umbali wenyewe Kiswahili kimekwisha kuutaja katika neno darubini, lililotoka Kiajemi, ambako dur ni mbali na bin ni mwenye kuona. Lakini chombo chetu hakioni mbali. Lenzi ya mbele ndiyo ionayo. Kukuza nako hakufai, maana kikuzwacho huongezewa kitu, na kipaza sauti hupata nguvu kutoka kwenye umeme. “Ile ya kuvutia” ni usemi mzuri wa mtaani, ila kuvuta kumekwisha kushikwa na lenzi zinazosogeza taswira karibu na mbali.

Kitendo chenyewe ni kutanua. Kinachotanuliwa hakiongezeki, huenea. Kwa hiyo napendekeza kitanua taswira, na mahali panapohitaji hesabu tuseme kitanua taswira cha mara mbili, cha mara 1.4. Jina hili lafaa hata kwa vyombo vya siku hizi ambavyo si kijibomba tena: mwaka 2013 Canon ilitoa lenzi ya milimita 200 hadi 400 yenye kitanuzi cha mara 1.4 ndani yake, kinachoingizwa na kutolewa kwa swichi, na mwaka 2022 Nikon ikafanya hivyo katika lenzi za milimita 400 na 600. Neno kirefushaji lingepata taabu hapo, kwani lenzi hairefuki kwa nje hata kidogo. Lenzi ya Barlow naiacha na jina lake, kwa kuwa wanafalaki wamelizoea na halimdanganyi mtu. Msomaji mwenye neno lililo bora, hasa aliyefanya kazi ya picha katika miji ya mwambao, namwomba aliandike jaridani pamoja na mahali alipolisikia.