Mahali Pasipopakwa Chokaa

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya nyumba. Mtu akiisha kuoa na kupata watoto, huota nyumba. Huiota akiwa amelala, na huiota akiwa macho: vyumba vingapi, mabati au vigae, jiko likae wapi, mgeni alale wapi. Na fundi ajapo na ramani, swali la kwanza huwa ni fedha, na la pili huwa ni macho ya watu, yaani majirani wataionaje.

Wako watu ambao tangu zamani sana wameipanga nyumba kwa kuanza na swali jingine. Hao ni Wayahudi washikao Torati. Jamaa zao mara nyingi ni kubwa. Katika Israeli ya leo, miongoni mwa wale washikao dini kwa ukali zaidi, mwanamke huzaa kwa wastani watoto zaidi ya sita. Baba na mama wa jamaa kama hiyo wanapoketi kupanga nyumba ya ndoto yao, nao pia huhesabu fedha, na vitanda pia huhesabu. Lakini kwanza huuliza: Mungu amesema nini juu ya dari? Amesema nini juu ya mlango, na jiko, na meza? Natuifuate kidogo historia ya nyumba hiyo, maana Bwana wetu mwenyewe alilelewa katika nyumba ya watu walioishika Torati.

Tuanze juu, kwenye dari. Nyumba za Israeli ya kale zilikuwa na dari tambarare, na ndugu zetu wa Lamu wanaozijua nyumba za mawe wataelewa upesi. Darini watu walilala wakati wa joto. Rahabu alianika kitani darini, akawaficha wapelelezi chini yake. Petro alikuwa akiomba darini huko Yafa alipoona maono. Basi katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu aliagiza kwamba ajengaye nyumba mpya azungushe ukuta kando ya dari, asije mtu akaanguka, na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Marabi, yaani walimu wa Kiyahudi, walipima urefu wa ukuta huo, wakasema usipungue viganja kumi. Nao hawakuishia darini. Katika Talmudi walifundisha kwamba sheria hiyo yamkataza mtu kufuga mbwa mkali nyumbani, au kuweka ngazi mbovu. Hata leo, jamaa ya Kiyahudi yenye watoto wadogo wengi huyaona mambo haya kuwa ni amri: vyuma vya kushikia kwenye ngazi, kizuizi kwenye roshani, kifuniko juu ya kisima. Oneni, wapenzi. Amri hii ya ujenzi haisemi neno juu ya uzuri wa nyumba. Yasema juu ya uhai wa mtu mwingine, mtoto wa jirani, kibarua, au mgeni asiyeijua nyumba gizani.

Kadhalika na madirisha. Zamani jamaa kadhaa zilikaa kuzunguka ua mmoja. Mishna, kitabu cha sheria kilichokusanywa yapata mwaka 200 baada ya Kristo, yamkataza mtu kufungua mlango wake uelekeane na mlango wa jirani katika ua wa pamoja, au dirisha lielekeane na dirisha. Marabi walikumbuka habari za Balaamu katika Hesabu 24, aliyetumwa kuwalaani Israeli, akaishia kuzisifu hema zao. Walieleza kwamba aliona milango ya hema haikuelekeana, hata mtu asiweze kuchungulia nyumbani kwa mwenziwe. Kwa hiyo kumwachia jirani faragha yake likawa jambo la fundi na ramani.

Sasa tuingie mlangoni. Kwenye mwimo wa kulia, mtu aingiapo, hubandikwa kijaluba chembamba. Ndani yake mna kipande cha ngozi kilichoandikwa kwa mkono maneno ya Kumbukumbu la Torati sura ya 6 na ya 11, pale Mungu alipoagiza maneno yake yaandikwe katika miimo ya nyumba. Kijaluba hicho huitwa mezuza. Hakiwekwi katika mlango wa mbele tu. Kila chumba cha kukaa, kulala na kula kina chake, ila msalani na bafuni hakiwekwi. Katika nyumba ya vyumba vingi, mtoto hupita mbele ya Neno la Mungu mara nyingi mno kwa siku, naye hujifunza kuligusa kwa mkono kabla hajajua kusoma.

Jikoni ndiko kunakompa mwenye kuchora ramani kazi kubwa. Torati yakataza mara tatu kumtokosa mwana-mbuzi katika maziwa ya mamaye. Kutokana na neno hilo, Wayahudi walijifunza kutenga nyama na maziwa kabisa. Basi mwenye uwezo huweka sinki mbili, meza mbili za kuandalia, na makabati mawili, moja la vyombo vya nyama na moja la vyombo vya maziwa. Na Pasaka ikija, chachu yote hutolewa nyumbani, wakatafuta mabaki yake kwa mshumaa usiku wa kuamkia siku ya maandalio. Vyombo vya mwaka mzima hufungiwa, vikatolewa vingine vya Pasaka tu. Jamaa kubwa yenye nafasi hujenga hata jiko dogo la pili kwa ajili ya juma hilo moja.

Mtu anaweza kucheka na kusema, kazi yote hiyo ni ya nini? Lakini tusikilize ardhi yenyewe inavyoshuhudia. Kuanzia mwaka 1969, mtaalamu Nahman Avigad alichimba katika mtaa wa Wayahudi wa mji wa kale wa Yerusalemu. Alikuta nyumba za watu wenye mali wa siku za Herode, na chini yake mabwawa ya kutawadhia yaliyochongwa mwambani. Alikuta pia vyombo vingi vya mawe, kwa kuwa kwa sheria yao jiwe halishiki unajisi kama udongo ushikavyo. Msomaji wa Yohana sura ya 2 atakumbuka ile mitungi sita ya mawe kwenye arusi ya Kana. Nyumba moja ilikutwa imeungua kabisa. Ndani yake palikuwa na jiwe la kupimia uzani lenye jina la jamaa ya makuhani, Bar Kathros, palikuwa na mkuki, na mifupa ya mkono wa msichana. Ni moto wa mwaka 70, majeshi ya Kirumi chini ya Tito yalipouteketeza mji na Hekalu.

Hapo, wapenzi, tumefika katikati ya habari yetu. Tangu mwaka ule hapakuwa tena na madhabahu, wala kuhani wa kutoa sadaka. Mataifa mengi ya kale yalipoteza hekalu lao, yakapotea nalo. Kwa nini Wayahudi hawakupotea? Walimu wao walisema kwamba Hekalu liliposimama, madhabahu ilimpatanisha mtu na Mungu, na sasa meza ya nyumbani mwake, anapomlisha maskini, imechukua mahali pake. Ndiyo maana Myahudi mshika dini hunawa mikono kwa kikombe chenye vishikio viwili kabla ya kuumega mkate, na karibu na chumba cha kula hutengewa mahali pa kunawia. Ndiyo maana pia meza huwa ndefu, tena ya kuongezwa urefu, kwa sababu siku ya Sabato watakuwapo watoto wote, na wakwe, na wajukuu, na mgeni aliyeonekana sinagogini hana pa kula.

Sabato nayo ina mkono wake katika ramani. Kutoka 35:3 yakataza kuwasha moto siku hiyo. Basi mama huwasha mishumaa Ijumaa kabla ya jua kutua, na chungu cha nyama, maharagwe na viazi huachwa juu ya moto mdogo hata kesho yake mchana. Siku hizi za umeme, saa maalumu hupangwa tangu Ijumaa kuwasha na kuzima taa. Na kwa kuwa hawapandi gari siku hiyo, hununua kiwanja mahali ambapo mzee na mtoto wataweza kufika sinagogini kwa miguu. Kiwanja kizuri kilicho mbali na ibada, kwao si kizuri.

Liko jambo la vibanda pia. Walawi 23 yawaagiza Israeli kukaa katika vibanda siku saba kila mwaka, wakumbuke safari ya jangwani. Nehemia 8 yasimulia jinsi waliorudi kutoka uhamishoni walivyovijenga darini na nyuani. Kibanda hicho huezekwa kwa matawi, na juu yake hapana budi kuwe wazi mpaka mbinguni. Kwa sababu hiyo, katika mitaa ya washika dini huko Yerusalemu mtaona majumba marefu ambayo roshani zake zimepishana, moja isiwe juu ya nyingine, ili kila jamaa ipate kujenga kibanda chini ya anga.

Na hapa pana habari itakayotupendeza sisi Waprotestanti. Mwaka 1874 Wayahudi washika dini walianzisha mtaa nje ya kuta za Yerusalemu, maana ndani palikuwa pamewasonga. Waliuita Mea Shearim, kwa neno la Mwanzo 26:12, pale Isaka alipovuna mara mia. Nyumba zilipangwa kuzunguka ua, migongo yao ikawa ukuta wa nje, na katikati palikuwa na visima vya maji ya mvua. Aliyechora ramani yake ya kwanza ni Conrad Schick, Mprotestanti wa Kijerumani aliyefika Yerusalemu mwaka 1846 kama mmisionari fundi. Hakuwachorea nyumba alizozipenda yeye. Aliwachorea nyumba ambamo wangeweza kuishi kwa kuitii imani yao. Tukikumbuka jinsi Wakristo wa Ulaya walivyowatesa na kuwafukuza Wayahudi kwa karne nyingi, twaona kwamba kalamu ile ilihubiri.

Sasa twaja kwenye jambo la mwisho, nalo ndilo tunalotaka mlichukue nyumbani. Nyumba imekwisha. Dari ina ukuta wake, milango ina mezuza, jiko lina sinki mbili, meza ni ndefu. Fundi mwashi anapaka chokaa. Lakini mwenye nyumba amzuia: hapa, ukutani, kuelekea mlango wa kuingilia, acha mahali pa dhiraa moja kwa dhiraa moja, usipapake kitu. Ndiyo mafundisho ya Talmudi: mtu asiimalize nyumba yake kabisa, kwa kukumbuka Hekalu lililobomolewa. Mgeni aingiapo huona ukuta mweupe, mzuri, na katikati yake doa la ukuta mtupu, kama nusu mita kila upande. Nao hawaoni haya kwa doa hilo. Kwalo watoto huambiwa: tuna furaha katika nyumba hii, lakini hapa sipo mwisho wa safari yetu.

Ndugu wapenzi, sisi hatukuwekwa chini ya sheria za vyombo na chachu. Mitume walilikata neno hilo katika Matendo sura ya 15, na Mtakatifu Paulo aliwaonya Wagalatia wasirudi utumwani. Bwana wetu naye aliwakemea waliosafisha kikombe kwa nje na kuiacha mioyo yao michafu. Lakini uhuru tuliopewa haukuwa ruhusa ya kumsahau Mungu tunapochora ramani. Wengi wetu twajenga sebule ya kuweka viti vya fahari, na kabati la vioo, na mahali pa televisheni, na katika nyumba nzima hapana kona ambayo mtoto akiulizwa ataweza kusema, hapa ndipo baba na mama hupiga magoti. Kisha kijana akiondoka kwenda mjini na kuiacha imani, twamlaumu mwalimu wa shule, na pasta, na mji. Je, nyumba yetu ilimfundisha nini katika miaka yote ile aliyolala ndani yake?

Basi yatupasa kuuliza upya. Nani aweza kuanguka kwa sababu ya jinsi tulivyojenga? Meza yetu yaweza kuongezwa kiti cha mtu asiyetarajiwa? Jumapili mzee wetu ataweza kufika kanisani? Na hata wewe mwenye nyumba ya udongo yenye vyumba viwili, usidhani neno hili si lako. Ibrahimu aliyepewa ahadi alikaa katika hema, na Waebrania 11 yasema alikuwa akiutazamia mji wenye misingi, ambao mwenye kuubuni ni Mungu. Kama mali yako haijatosha kuumaliza ukuta, usiuonee haya. Utazame, ukamkumbuke Yeye aliyekwenda kutuandalia mahali.

Na tuombe. Ee Mungu Baba, mwenye kuijenga nyumba ya kweli, twakuomba uingie katika nyumba zetu, kubwa na ndogo. Utufundishe kuwajali jirani na watoto wetu katika kila tujengalo. Uwakumbuke Israeli, watu wako wa kale, na utupe sisi mioyo isiyowadharau. Na tusiridhike na kuta za dunia hii hata tukausahau mji wako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.