Pembe Ndogo Begani

Mnamo Novemba 1857, baada ya mwendo wa siku 134 kutoka pwani, wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke waliingia Kaze, makazi ya wafanyabiashara wa Kiarabu katika nchi ya Unyanyembe. Ndipo ilipo Tabora ya leo. Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiarabu, aliwakirimu vizuri, na Burton akapata nafasi ya kutazama, kuuliza na kuandika. Alikuwa na jicho kali. Ulimi wake ulikuwa mkali zaidi. Katika kitabu alichotoa mwaka 1860 anasimulia kwamba watoto wa Kinyamwezi wa miaka 6 au 7 walikuwa tayari wakibeba pembe ndogo ya ndovu begani. Akahitimisha kuwa upagazi umo katika damu yao kama uwindaji ulivyo katika damu ya mbwa wanaofugwa Ulaya kwa kazi hiyo.

Matusi tuyaache. Hata bila matusi Burton alikosea, maana ushahidi wote ulikuwa mbele yake na akausoma vibaya. Watoto wale hawakuzaliwa wapagazi. Walikuwa wanacheza.

Mkazi wa Ng'ambo au Isevya, mjini Tabora, hahitaji msomi amweleze jambo hili. Mtoto wa dereva wa bodaboda hukalia gogo, akanguruma, akapiga honi kwa mdomo na kumdai mdogo wake nauli. Katika Unyamwezi ya karne ya 19 kazi iliyompa mtu jina ilikuwa safari. Inakadiriwa kwamba kuelekea mwisho wa karne hiyo wapagazi wapatao 100,000 walipita kila mwaka kati ya bara na pwani, kila mmoja na mzigo wa kama frasila 2, yaani kilo 32 hivi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Alfred Swann, baharia aliyeletwa na Chama cha Misheni cha London mwaka 1882, aliandika kuwa kijana wa Kinyamwezi hakuruhusiwa kuoa kabla hajafikisha pembe pwani na kurudi na nguo au waya wa shaba. Katika kijiji cha namna hiyo, mtoto angeigiza nini kingine?

Burton huyohuyo, bila kukusudia, ametuachia maelezo mazuri ya jinsi mafunzo yalivyokwenda. Mtoto alibebwa mgongoni na mama yake na hakuachishwa ziwa mpaka mwishoni mwa mwaka wa pili. Mvulana alipotimiza miaka 4 alianza kujifunza kulenga shabaha kwa upinde na mishale midogo, na kadiri alivyokua ndivyo upinde ulivyokazwa. Alipofika miaka 10 alikabidhiwa mifugo, akajilimia kipande chake cha tumbaku na kuanza kuota kibanda chake mwenyewe.

Ukiyatazama maelezo hayo kwa jicho la mwalimu wa chekechea, utaona mpango. Chombo kinapimwa kwa mwili wa mtoto. Ugumu unaongezwa pole pole, na hakuna anayemlazimisha kuvuta upinde wa baba yake. Anayekosa shabaha hupoteza mshale tu, akaufuata, akarudi kujaribu tena. Wasichana nao walikuwa na mambo yao: kibuyu cha maji kilicholingana na kichwa chao, mchi mwepesi, mdogo wa kumbeba mgongoni kwa zamu. Watoto walifinyanga ng'ombe wa udongo, wakachimba vishimo ardhini wakahesabu kete. Jioni kulikuwa na vitendawili na hadithi, ambazo nazo zilikuwa shule ya kumbukumbu na ya ulimi.

Msafara wenyewe ulikuwa na watoto. Mwanahistoria Stephen Rockel, aliyetoa mwaka 2006 kitabu kizima juu ya wapagazi wa njia hii, ameonyesha kwamba misafara ya Wanyamwezi haikuwa ya wanaume peke yao. Wake walifuatana na waume zao, na watoto walitembea nao wakichukua vitu vyepesi: chungu, kibuyu, mkeka, chakula kidogo cha njiani. Kutoka Tabora hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 800, na msafara ulihitaji miezi mitatu hivi. Mtoto aliyekwenda na kurudi alikuwa ameona Ugogo na ukame wake, amesikia lugha nyingi, amejifunza kupiga kambi, kuwasha moto na kupanga zamu. Mkono wa mama ulikuwa karibu, na hilo ndilo la kulizingatia, kwa sababu katika njia ileile, siku zilezile, kulikuwa na watoto wengine waliobeba pembe zilezile bila mama.

Mwaka 1871, mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipokuwa Unyanyembe akimtafuta mmisionari David Livingstone, mfanyabiashara Mwarabu alimzawadia mvulana mtumwa wa miaka 7 hivi aliyeitwa Ndugu M'Hali. Stanley hakulipenda jina hilo, akampa jingine: Kalulu. Kazi yake ikawa kumhudumia bwana mezani na kumchukulia bunduki. Mwaka 1872 akapelekwa Uingereza, akapigwa picha studio pamoja na Stanley, akapelekwa shule Wandsworth, London. Mwaka 1873 Stanley alitoa hadithi ya kubuni yenye jina lake. Mwaka uliofuata akarudishwa Afrika kwa safari nyingine, na mwaka 1877 alizama katika maporomoko ya mto Kongo, bado kijana mdogo. Maporomoko yale Stanley aliyapa jina la Kalulu.

Wapo wanaoisimulia habari hiyo kama kisa cha bahati njema, mtoto wa utumwani aliyeiona London. Ni usomaji wa kijuujuu. Kalulu alijifunza upesi, lakini katika miaka yake sita na Stanley hakupewa nafasi ya kuamua mwenyewe kesho aende wapi. Mtoto wa mpagazi aliyechoka na pembe yake ndogo aliweza kuitupa akakimbilia kwa mama. Kalulu hakuwa na wa kumkimbilia. Kwa mtu aliyetazama kwa mbali, watoto hao wawili walifanya kitu kimoja: walibeba. Mmoja alikuwa anacheza, mwingine ametumikishwa.

Hapa ndipo historia ya Tabora inapotoa somo ambalo vitabu vingi vya malezi hulipita haraka. Vifaa havifanyi mchezo. Kinachoufanya ni hiari ya mtoto na mtu mzima anayempenda aliye karibu.

Wamisionari wa Afrika, wale wa Kardinali Lavigerie, walifika Tabora mwaka 1881, na kituo chao cha Kipalapala kikawa makao ya watoto waliokombolewa utumwani kwa fedha. Watoto walipata chakula, nguo, sala, kazi za shamba na masomo. Kituo kilitelekezwa mwaka 1889, wakati wa mtemi Isike wa Unyanyembe. Nia ya mapadri haina shaka, lakini ratiba ya kengele ilikuwa kitu kipya Unyanyembe: muda wa mtoto ulianza kugawanywa na mtu asiye ndugu yake.

Jambo la ajabu ni kwamba wazo la mchezo kama shule lilikuwa limeingia Unyamwezi kwa mlango mwingine wa kanisa bila kutambuliwa. Wamoravian walichukua misheni ya Urambo mwaka 1898, kisha wakaenea hadi Sikonge. Mzee wao wa imani, askofu Jan Amos Comenius, alikuwa amechapisha mwaka 1633 kitabu juu ya shule ya mapajani kwa mama, akiwahimiza wazazi wawaache watoto wa chini ya miaka 6 wacheze, wakimbie, wajenge na kubomoa. Friedrich Froebel alifungua bustani yake ya watoto huko Ujerumani mwaka 1837, zaidi ya miaka 200 baadaye. Lakini shule zilizojengwa katika koloni hazikuwa za mapajani. Zilikuwa za kusoma, kuandika na utii.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Upagazi wa masafa marefu ukanyauka, na pamoja nao mchezo wa pembe. Njia mpya ya kwenda ukubwani ikawa darasa. Shule ya Serikali ya Tabora iliyoanzishwa na Waingereza kwa ajili ya wana wa machifu ilifuata mtindo wa shule za bweni za Uingereza, na Julius Nyerere aliingia hapo mwaka 1937. Tusisahau kwamba Nyerere alianza darasa la kwanza kule Musoma mwaka 1934 akiwa na miaka 12. Miaka yote ya kabla ya hapo alilelewa na Butiama: mbuzi, wazee, wenzake. Alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alikumbusha kwamba kukosekana kwa shule rasmi kabla ya ukoloni hakukumaanisha kukosekana kwa elimu, kwa kuwa watoto walijifunza kwa kuishi na kutenda. Yalikuwa maneno ya mtu aliyepitia elimu hiyo mwenyewe.

Enzi za ujamaa zilileta vituo vya kulelea watoto mchana, vingine vikiendeshwa na Umoja wa Wanawake, ili mama aende shambani akijua mtoto amepata uji na mwangalizi. Sheria ya vituo hivyo ilitungwa mwaka 1981. Sera ya Elimu ya 1995 ikaiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi, na ile ya 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Ada zilipofutwa, watoto wa awali nchini waliongezeka kutoka takriban milioni 1.07 mwaka 2015 hadi takriban milioni 1.56 mwaka 2016. Ni furaha, na ni msongamano. Kiwango cha serikali ni mwalimu 1 kwa watoto 25, na darasa linapovuka idadi hiyo mara kadhaa, kinachobaki ni kuimba herufi kwa pamoja huku wa nyuma wakilala.

Mkoa wa Tabora ulikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza ya EQUIP-Tanzania, programu ya elimu iliyofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 2014. Ndani yake kulikuwa na mpango wa utayari wa shule, uliobuniwa kwa ajili ya vijiji ambavyo havikuwa na darasa la awali. Kijiji kilichagua mtu wake, kijana wa kiume au wa kike anayekijua Kinyamwezi au Kisukuma cha watoto, akapewa mafunzo mafupi na vitabu vya hadithi. Kwa wiki 12, baadaye 16, alikaa na watoto wakicheza, wakiimba, wakisimuliana na kuhesabu vitu vilivyookotwa. Kiswahili kiliingia taratibu kupitia hadithi, kwa watoto ambao wengi walikuwa hawajakizungumza nyumbani.

Programu hiyo iliitwa ubunifu. Kwa mzee wa Uyui ilikuwa jambo la kawaida kabisa: kijana wa kijiji, watoto wamemzunguka, hadithi. Ubunifu ulikuwa kwamba wizara imekubali kuihesabu hiyo kuwa elimu.

Lakini upande wa pili wa pembe haujatoweka. Baada ya mradi wa karanga wa Waingereza wa mwishoni mwa miaka ya 1940 kushindwa Urambo, tumbaku ilichukua nafasi, na wilaya za Urambo, Kaliua na Sikonge zikawa nchi yake. Tumbaku inakula mikono: kuhamisha miche, kuchuma, kutunga majani, kukausha. Watoto wamekuwa sehemu ya mikono hiyo kiasi cha kufanya mradi wa PROSPER uanzishwe mwaka 2011 kupambana na utumikishwaji wa watoto Sikonge na Urambo. Kuna watu wanaojitetea kwamba huu ni utamaduni, mbona mababu nao walilima tumbaku wakiwa na miaka 10? Utetezi huo haufai. Kipande kile alichokiandika Burton kilikuwa cha mtoto mwenyewe, aliyekilima alipotaka. Tumbaku ya leo ina mkopo wa pembejeo, mnunuzi na msimu usiosubiri, na sumu ya majani mabichi huingia kwenye ngozi ya mtoto upesi.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inaiweka haki ya kucheza na kupumzika katika orodha moja na chakula, makazi, mavazi na matibabu. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8, ikikusanya pamoja afya, lishe, ujifunzaji wa awali, malezi yenye mwitikio, na ulinzi na usalama. Ni mpango mzuri, lakini bado hautoshi kwa kijiji cha Kaliua ambacho kituo chake hakina kivuli wala uji.

Kwa halmashauri za mkoa huu, basi, kazi haihitaji mtaalamu wa kutoka mbali. Tengeni uwanja wa kuchezea katika kila kituo shikizi kabla ya kununua madawati. Mlipeni posho ya uhakika kijana anayekaa na watoto. Waiteni bibi na babu wanaojua vitendawili vya Kinyamwezi wafike shuleni angalau asubuhi moja kwa wiki, na msimu wa tumbaku ukifika, mtendaji wa kijiji apite mashambani ahesabu watoto.