Kisimamo cha Maulidi

Tukichunguza maulidi ya Barzanji katika pwani yetu, twaona jinsi masimulizi yanavyoilea imani. Kitabu hicho kilitungwa kwa Kiarabu katika karne ya 18 na Jaafar bin Hasan al-Barzanji wa Madina. Sayyid Mansab wa Lamu, aliyefariki mwaka 1922, alikifasiri kwa Kiswahili. Msomaji afikapo penye kuzaliwa kwa Mtume, waliokaa wote husimama, kana kwamba wampokea mgeni mtukufu aingiaye mlangoni. Kisa cha kale huwa tukio la usiku ule ule. Wako wanavyuoni wanaokipinga kisimamo hicho, wakisema kwamba ni uzushi katika dini. Ubishi huo wenyewe watuonyesha kuwa kisa kisomwapo vema humwingiza msikilizaji ndani yake, akawa shahidi.