Maswali ya Mlangoni: Chakula cha Hisani Kutoka Yerusalemu hadi Phoenix

Mwenye njaa akifika mahali panapogawiwa chakula cha bure, maswali hutangulia chakula. Unaitwa nani? Mko wangapi nyumbani? Una shamba? Nani amekutuma? Ukiyafuatilia maswali hayo katika historia, utaona kuwa huruma ya mgawaji haikuwa na uzito mkubwa sana katika kuyaamua. Uzito ulikuwa kwenye chanzo cha chakula. Cha wakfu kilikuja na daftari la vyeo. Cha kodi kilikuja na ukaguzi. Na kile kilichomshinda mwenyewe kukiuza kilikuja bila maswali mengi, ila mpokeaji naye hakupewa nafasi ya kuchagua.

Tuanzie Yerusalemu. Mwaka 1552 Hurrem Sultan, mke wa Sultani Suleiman wa dola ya Uthmaniya, aliweka wakfu jiko kubwa katikati ya mji, likitunzwa kwa mapato ya vijiji vya Palestina. Supu ilipikwa mara mbili kwa siku, asubuhi ya mchele na jioni ya ngano, na kila mtu alipata upawa wake na mkate. Ijumaa na usiku wa Ramadhani sufuria zilibadilika: wali wa nyama, na wali mtamu wa zafarani. Hakuna aliyeulizwa kwa nini ni maskini. Lakini kulikuwa na mpangilio. Wafanyakazi wa jiko na wakazi wa humo walitangulia, maskini wa mjini wakafuata. Hati ya wakfu ilitaja idadi na vipimo, kwa hiyo aliyefika mwisho aliweza kukuta sufuria imekwisha. Msomaji wa Lamu au Unguja hatashangazwa na utaratibu huu, kwani nasi tumezoea kuona wakfu wa kisima au wa msikiti ukimhudumia mpita njia asiyejulikana, na futari ikitandikwa barazani kwa yeyote atakayekaa. Jiko la Hurrem Sultan limeendelea kupika hadi zama zetu.

Ireland ya miaka ya 1840 ilikuwa habari nyingine kabisa. Ugonjwa wa viazi ulipoingia mwaka 1845, nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8, na sehemu kubwa ya maskini wa vijijini waliishi kwa viazi tu. Waziri Mkuu wa Uingereza, Robert Peel, alinunua kwa siri mahindi ya Marekani yenye thamani ya pauni 100,000. Yalikuwa mahindi ya njano, makavu na magumu, yaliyohitaji kusagwa mara mbili, na watu wasiojua kuyapika waliumwa matumbo. Waliyabandika jina la kumdhihaki Peel, wakiyaita kiberiti chake, kwa ile rangi. Mahindi ya njano tutakutana nayo tena.

Serikali iliyofuata iliona mtu asipewe chakula bila jasho. Wenye njaa wakapelekwa kujenga barabara, nyingine zisizokwenda popote, na kufikia Machi 1847 watu zaidi ya 700,000 walikuwa kwenye kazi hizo, wakivunja mawe huku wamekonda. Mpango ulishindwa, na ndipo ikapitishwa sheria ya majiko ya supu. Julai 1847 majiko hayo yalikuwa yakilisha watu wapatao milioni 3 kwa siku. Sifahamu kazi nyingine ya kulisha umma katika karne ile iliyofikia ukubwa huo, na tena kwa gharama ndogo kuliko barabara. Wakuweka (Quakers) wa Ireland, dhehebu dogo la Kikristo, walikuwa wamekwisha kuonyesha njia kwa kufungua majiko yao wenyewe tangu mwaka uliotangulia. Kutoka London akaja mpishi maarufu wa klabu za matajiri, Alexis Soyer, akasimamisha jiko la mfano mjini Dublin. Kengele ililia, watu 100 wakaingia, wakala kwa vijiko vilivyofungwa kwa mnyororo, kengele ikalia tena, wakatoka. Siku ya ufunguzi watu wa tabaka la juu walilipa kiingilio kutazama maskini wakila. Kuna mambo mtu akiyasoma hufunga kitabu kwanza.

Zaidi ya hapo, baadhi ya wahubiri wa Kiprotestanti walihusisha supu yao na kubadili dini. Hawakuwa wengi, lakini lawama ilibaki vijijini kwa vizazi, na familia iliyodaiwa kula supu hiyo ilitajiwa jambo hilo hata mbele ya wajukuu.

Kufikia mwisho wa Septemba 1847 majiko ya serikali yalikuwa yamefungwa. Mzigo ukahamishiwa kwa kodi za wenye ardhi wa kila wilaya, na hapo hapo swali likawa kali: una ardhi kiasi gani? Mwenye zaidi ya robo ekari hakustahili msaada mpaka aiachie. Mkulima alitakiwa achague kati ya chakula cha leo na shamba la maisha yake. Wengi waliachia, nyumba zao zikabomolewa, wakaishia kwenye nyumba za kazi za maskini au kwenye meli. Sensa ya 1851 ilikuta watu takriban milioni 6.6.

Miji ya Uingereza na Marekani ilirithi wasiwasi ule ule. Mwaka 1869 London ilianzisha jumuiya ya kuratibu hisani, na Buffalo, katika jimbo la New York, ikafuata mwaka 1877. Kazi kubwa ya jumuiya hizo ilikuwa kuchunguza. Mabibi wenye nafasi walipanda ngazi za nyumba za maskini kuangalia kama kuna chupa ya pombe au pazia zuri kupita kiasi, wakaandika faili. Wakati huo huo, katika mtaa wa Broadway mjini New York, mwoka mikate Louis Fleischmann alikuwa akitoa usiku wa manane mikate iliyobaki, na yeyote aliyesimama kwenye mstari alipata. Wachunguzi hawakupendezwa, kwa hofu kwamba atazoesha watu uvivu. Kwa Fleischmann hesabu ilikuwa rahisi zaidi: mkate wa leo kesho hauuziki.

Ziada hiyo ikaja kuwa ya taifa zima. Baada ya mdororo wa 1929 wakulima wa Marekani walikuwa na ngano wasiyoweza kuiuza, na mijini watu walipanga foleni za mkate. Mwaka 1933 serikali iliamua kupandisha bei kwa kuchinja vitoto vya nguruwe wapatao milioni 6, na sehemu kubwa ya nyama hiyo haikuliwa na mtu. Hasira ya wananchi ililazimisha kuundwa kwa shirika la kununua ziada na kuigawa kwa maskini. Mwaka 1939, mjini Rochester, zikaanza stempu za chakula: ukinunua stempu za rangi ya chungwa za dola 1, unaongezewa za buluu za senti 50, na za buluu zilinunua tu vile ambavyo wizara imetangaza kuwa ni ziada. Mpango ulisitishwa mwaka 1943, ukafufuliwa na Rais Kennedy mwaka 1961, na sheria yake ikapitishwa 1964.

Benki ya chakula yenyewe ilizaliwa Phoenix, Arizona. John van Hengel, mfanyabiashara aliyestaafu, alijitolea kwenye jiko la hisani, na kazi yake ilikuwa kuchuma machungwa na malimau yaliyoachwa kwenye miti ya watu ili jiko litumie. Akakutana na mama wa watoto 10, mumewe yuko gerezani, aliyekuwa akiwalisha watoto kwa vitu vilivyotupwa nyuma ya duka kubwa. Mama huyo alimweleza kwamba vitu hivyo havikuwa vibovu: makopo yaliyobonyea, mikate ya jana, vyakula vya barafu ambavyo maboksi yake yamechanika. Kinachokosekana, alisema, ni mahali kama benki, mwenye navyo aweke na asiye navyo achukue. Van Hengel akalipeleka wazo hilo kwa mapadri wa Kifransisko wa kanisa la Mtakatifu Maria. Wakampa dola 3,000 na jengo kuukuu, na mwaka 1967 benki ikafunguliwa. Mwaka wake wa kwanza ilitoa chakula chenye uzito wa zaidi ya pauni 250,000. Kwa maoni yangu mwasisi wa jambo hili ni yule mama, ambaye jina lake halitajwi panaposimuliwa kisa hiki, ilhali van Hengel ana heshima yake hadi leo.

Benki hii haikumkabidhi mwenye njaa chakula moja kwa moja. Ilikuwa ghala kuu, na stoo ndogo za makanisa na vikundi vya mitaa zilichukua humo na kugawa. Mgawanyo huo wa kazi umebaki hivyo: leo mtandao mkubwa wa Marekani, ulioanza mwaka 1979 na kubadili jina kuwa Feeding America mwaka 2008, una benki takriban 200 na maelfu ya stoo nyuma yake. Uliwezaje kukua hivyo? Mwaka 1976 sheria ya kodi iliyapa makampuni nafuu ya ziada kwa bidhaa yanazotoa sadaka. Mwaka 1996 sheria nyingine iliwakinga watoaji wasishtakiwe iwapo chakula walichotoa kwa nia njema kitamdhuru mtu. Kati ya miaka hiyo, Desemba 1981, Rais Reagan aliruhusu kutolewa pauni milioni 30 za jibini iliyokuwa imerundikana kwenye maghala ya serikali, baada ya serikali kununua bidhaa za maziwa kwa miaka ili kulinda bei. Serikali haikuwa na njia ya kuifikisha kwa watu, kwa hiyo vipande vya pauni 5 vikapitia makanisani na kwenye benki za chakula. Ugawaji huo ukawa mpango rasmi mwaka 1983, na masharti yake yamekuwa mepesi: katika majimbo mengi mtu hutamka tu kipato chake, wala hadaiwi karatasi. Sishangai. Jibini ilikuwa inaota ukungu, na anayetaka kuondoa mzigo hamchunguzi anayempokelea.

Uingereza ilienda njia tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayonishawishi kwamba chanzo cha chakula ndicho huamua. Carol na Paddy Henderson walikuwa na shirika, Trussell, la kusaidia watoto wa Bulgaria. Mwaka 2000 mama mmoja wa Salisbury, mji wao, akapiga simu kuuliza watawafanyia nini watoto wake wanaolala njaa. Wakaanza na kibanda cha bustani yao. Chakula chao kingi kilikuwa kile ambacho majirani wamekilipia dukani na kukiweka kwenye kikapu cha mlangoni, hakikuwa masalio. Basi wakaweka vocha: daktari, mwalimu au ofisa wa ustawi lazima athibitishe shida yako kwanza, ndipo upate chakula cha siku 3. Mtandao wa Trussell uligawa vifurushi takriban 61,000 katika mwaka wa 2010–11. Katika 2023–24 vilipita milioni 3.1. Bei za umeme zilipopanda mwaka 2022, wagawaji waligundua swali ambalo wachunguzi wa zamani hawakuwahi kulifikiria: una moto wa kupikia? Wengine walikuwa wakirudisha viazi kwa sababu kuvichemsha ni gharama.

Na yale mahindi ya njano? Sheria ya Marekani ya 1954 iliyoanzisha msaada wa chakula nje ya nchi ililenga waziwazi kupunguza ziada ya mashamba yao. Wazee wa Tanzania wanaukumbuka unga wa yanga, na Wakenya wanakumbuka ukame wa 1984, mahindi meupe yalipoadimika na ya njano yakaletwa. Watu waliyala wakinung'unika kuwa ni chakula cha mifugo, jambo ambalo huko yalikotoka lilikuwa kweli kwa sehemu kubwa. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, ambako mgao ulipimwa kwa vikombe na kadi, mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilileta Bamba Chakula, pesa za kwenye simu ambazo mkimbizi alizitumia kwa muuzaji wa humo humo. Mama akaweza kuamua mwenyewe kama anunue maharage au mboga. Stoo nyingi za Marekani nazo zimeacha kugawa mifuko iliyokwisha kufungwa. Mtu hupita na toroli akachagua, kama yuko dukani.

Kwenye stoo hizo siku hizi kinasikika Kiswahili, kwa kuwa Wakongo wengi waliokaa kambi ya Nyarugusu, Tanzania, na kambi nyingine wamehamishiwa Marekani. Sheria ya Julai 2025 iliwaondoa wakimbizi wasiopata bado ukaazi wa kudumu kwenye msaada wa stempu za chakula, kwa hiyo familia iliyofika juzi ina sababu zaidi ya kutegemea stoo ya mtaani.

Kwa miaka karibu 30 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilizipitia kaya kwa dodoso la maswali 18: je, chakula kilikwisha kabla hujapata pesa ya kununua kingine? Je, ulipunguza mlo? Je, mtoto alishinda siku nzima bila kula? Kwa mwaka 2023 majibu yalionyesha kaya milioni 18 zisizo na uhakika wa chakula. Septemba 2025 wizara ilitangaza kwamba inaachana na ripoti hiyo.